Mnyororo wa Trela na Maamkizi ya Likoni

Sikiliza, mwenzangu, wewe uliyeachiwa geji yangu ya kupimia upepo wa tairi na ile fulana ya rangi ya chungwa yenye doa la grisi mgongoni. Doa hilo halitoki. Nimelifua kwa kila sabuni inayouzwa Changamwe, basi usijisumbue. Nimestaafu mwezi uliopita, na badala ya kukupigia simu kila asubuhi kukuuliza kama umekaza nati, nimeona nikae niandike ninayoyajua. Usome polepole, ukiwa umekunywa chai.

Watu wengi hawajui kwamba kazi yetu ipo. Wakisikia trela, fikira zao huenda kwa yale marefu yanayobeba kontena kutoka bandarini. Yetu ni madogo: sanduku la bati juu ya magurudumu mawili, hema la kukunjua, jiko la gesi, dumu la maji na magodoro. Familia hulikodi, hulifunga nyuma ya gari lao, wakaenda kupiga kambi Tsavo au Msambweni. Kazi yetu sisi ni kuhakikisha kwamba gari likifika, trela nalo limefika, tena kwa wakati mmoja na kwa njia ile ile.

Mimi sikuajiriwa kukagua chochote. Niliajiriwa kushona. Nilikuwa nikishona maturubai ya harusi nyumbani kwetu Mtongwe, na mwenye karakana alitaka mtu wa kutengeneza mahema ya matrela yake, maana yalikuwa yakivuja kwenye mishono. Siku ya kwanza nilivuka kwa feri ya Likoni nikiwa na cherehani yangu ndani ya mkokoteni, nikafika Changamwe nimelowa jasho, nikawekwa kwenye kona iliyonuka rangi.

Fundi mkuu alikuwa Fundi Kazungu, Mgiriama wa Kaloleni, mtu mrefu aliyesema kwa sauti ya chini hata akiwa amebanwa kidole. Alikuwa na penseli sikioni siku zote. Sikumbuki kumwona akiandika nayo. Siku hiyo ya kwanza alipita kwangu mara tatu, na mara ya nne akasimama. Aliniuliza kwa nini kila nikimaliza mshono nauvuta. Nilimjibu kwamba nisipouvuta sitajua kama umeshika. Akanitazama kidogo, akasema, "Basi inuka, Bi Zainabu. Njoo uvute na hiki."

Hicho kilikuwa kikombe cha chuma kilicho kwenye shingo ya trela, ule mkono wa chuma uliotokeza mbele, ambacho hukaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Nilikivuta. Kilikuwa imara, nami nikasema kimeshika. Fundi Kazungu akazungusha jeki yenye gurudumu dogo iliyo mbele ya trela, shingo ikainuka taratibu, na kikombe kikachomoka kwenye tufe kama kofia inavyovuliwa. Kishikio cha kukifungia kikombe kilikuwa kimelala, lakini ulimi wa ndani haukuwa umeuma. Alinieleza kwamba mkono wa mtu hauna nguvu za kujua hilo. Jeki ndiyo inayojua. Ukishafunga, inua shingo kwa jeki mpaka matako ya gari yainuke pamoja nayo. Gari likiinuka, kikombe kimeshika. Likibaki chini, huna ulichofunga, hata kama umesikia mlio.

Toka siku hiyo nilishona asubuhi na kukagua alasiri, na baada ya miaka michache mahema yakapata mshonaji mwingine.

Alinifundisha kwa mkono kuliko kwa mdomo. Minyororo miwili ya usalama, alinionyesha, lazima ipishane chini ya shingo, wa kushoto uende kulia na wa kulia uende kushoto. Kikombe kikichomoka njiani, shingo huangukia juu ya minyororo kama mtoto kwenye mbeleko, haigusi lami. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu gari kukata kona, na isiwe mirefu kiasi cha kuburuta. Nati za magurudumu zikazwe kwa kukingamisha, moja na ile inayoikabili, kisha zikazwe tena baada ya mwendo mfupi wa kwanza. Kwa wanaokwenda bara tulikuwa tukiwaambia wasimame Mazeras. Na wakisimama, wapeleke mgongo wa mkono kwenye kitovu cha gurudumu. Ukiweza kuuacha mkono hapo, endelea na safari. Ukiuondoa mbio, beringi inaungua, kaa hapo hapo uombe msaada.

Tairi za trela aliziogopa zaidi ya kitu chochote. Alisema tairi ya gari huzeeka kwa kutembea, lakini ya trela huzeeka kwa kusimama. Inaonekana mpya, meno yake marefu, kumbe jua la uwanjani limeipasua ubavuni. Mteja hukuambia mbona bado nzuri, nawe humwonyeshi meno, unamwinamisha umwonyeshe ubavu.

Na taa. Sisi watu wa pwani tuna adui mmoja ambaye wenzetu wa Nairobi hawamjui, naye ni chumvi. Plagi ya taa za trela ukiiacha wazi wiki mbili, shaba yake huota ukoga wa kijani, na breki ukizikanyaga taa hazina habari. Tulizisugua kwa kipande cha msasa, tukapaka grisi kidogo. Kisha Fundi Kazungu aliketi kwenye usukani nami nikasimama nyuma. Yeye akiita "Kushoto," nami nikiona taa inapepesa najibu "Abee." "Kulia." "Abee." "Breki." "Abee." Wafanyakazi wa gereji ya jirani walitucheka, wakasema Bi Zainabu ameolewa na trela. Lakini mpaka leo sijui njia bora ya kujibu. Taa ikikataa kuwaka, nami nikanyamaza, mtu wa ndani hujua mara moja.

Nikuhadithie kisa kimoja cha mzigo, maana utakutana nacho. Bwana mmoja wa Nyali alichukua trela letu likiwa limekaguliwa vizuri kabisa, akaenda nyumbani kulipakia mwenyewe. Madumu yote ya maji, jenereta na magunia mawili ya makaa aliyasukuma nyuma kabisa, karibu na mlango, ili iwe rahisi kuyatoa. Alipita Miritini salama. Alipoongeza mwendo, trela likaanza kutikisa mkia, kushoto, kulia, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka likawa linalivuta gari. Alirudi kwetu mwendo wa konokono, na mkewe pembeni amekaza macho mbele.

Ungekuwa wewe au mimi, tungemkaripia bwana yule. Fundi Kazungu alimpa kiti na maji baridi, akatandika turubai chini, akatoa vitu vyote kimoja kimoja. Kisha akamwomba mke apakie. Mama yule akaweka vizito juu ya ekseli na mbele yake kidogo, vyepesi nyuma, tena bila kuuliza. Alipomaliza, Fundi akainua shingo ya trela kwa mikono, ikamlazimu akaze mgongo kidogo, akasema hivyo ndivyo. Shingo ikiinuka kama kikapu kitupu, mzigo uko nyuma. Ikiwashinda watu wawili, mzigo umezidi mbele. Bwana akamuuliza mkewe alijulia wapi. Akajibiwa kwamba alikuwa ameyasema hayo hayo nyumbani tangu asubuhi, ila hakukuwa na aliyemsikia.

Sasa nije kwenye feri.

Siku hizi wengi wanaotoka kwetu kwenda kusini hupita barabara mpya ya Dongo Kundu, nanyi vijana mnaona feri ni mambo ya zamani. Wakati ule hakukuwa na njia nyingine. Maji yakijaa, gari lenye trela liliingia na kutoka bila taabu. Maji yakipwa, feri huwa chini na gati huwa mwinuko mkali, na pale gari linapoanza kupanda hali shingo ya trela bado iko kwenye ubapa, minyororo hugusa sakafu. Mara moja mnyororo wa trela letu ulinasa, watu wakapiga kelele, na Fundi akashuka kuunasua huku kila dereva nyuma yake akipiga honi.

Baada ya hapo Fundi Kazungu alibuni desturi ya karakana yetu. Maji yakiwa yamekupwa, tulifungua minyororo kabla ya kuingia feri, tukaikunja juu ya shingo ya trela, tukavuka hivyo kwa mwendo wa mguu. Tukifika ng'ambo, juu, baada ya kupita umati, tulisimama pembeni karibu na kina mama wanaokaanga viazi karai, tukaifunga tena. Na kwa kuwa ile pini ndogo inayozuia kishikio cha kikombe kisifunguke ilikuwa ikipotea kila wiki, aliifunga kwa uzi kwenye mnyororo. Tulimsifu kwa uzi ule. Pini haikupotea tena. Ila ukikunja mnyororo, pini nayo hutoka.

Fundi alipostaafu, miaka mingi kabla yangu, mwenye karakana alimpa trela la kutumia wiki nzima aende kambi na familia yake. Alichagua lile alilolijenga kwa mikono yake mwenyewe. Alilifunga mwenyewe, akalikagua mwenyewe, kama tulivyofanya sote zama zile. Garini walikuwa yeye, mkewe Mama Sidi, na wajukuu wanne, wakienda Msambweni. Mimi nilikuwa narudi kwangu Mtongwe, akasema panda nikufikishe Likoni.

Maji yalikuwa yamekupwa. Alikunja minyororo. Kama kawaida ya feri, abiria tulishuka tukavuka kwa miguu, yeye akabaki na gari. Ng'ambo tulipanda juu na wajukuu, tukamsubiri kwenye viazi karai. Akaja, akasimama pembeni, akashuka, akaenda nyuma ya gari akainama, mkono tayari kwenye mnyororo.

Hapo ndipo Mzee Athumani alipotokea, jirani yake wa zamani wa Port Reitz, ambaye walifanya kazi pamoja bandarini ujanani.

"Kazungu, wewe ndiwe? Wapotelea wapi siku zote hizi?"

Nawe unajua kwetu mtu hajibu salamu akiwa ameinama. Fundi alisimama wima, akafuta mikono, akampa mkono.

"Nipo, bwana. Kwema huko?"

"Kwema, alhamdulillahi. Mama watoto?"

"Mzima, yule pale."

"Na wa Kaloleni?"

"Hawajambo wote. Na bi mkubwa mguu wake?"

Wakaendelea hivyo, mguu wa bi mkubwa, paa la nyumba, nani amezikwa, nani ameoza binti. Hakuna kati yetu aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe niliamkiwa, nikaitikia. Walipoagana, Fundi aliwahimiza wajukuu wapande, akaketi kwenye usukani, akawasha gari. Nami nilikuwa nimeshika kandambili ya mjukuu mdogo iliyoanguka. Nilimrudishia dirishani, nikawaaga, nikaanza kuondoka.

Nilipopita ubavuni mwa trela, macho yalishuka yenyewe chini ya shingo, kama yanavyoshuka hata leo nikiona trela la mtu nisiyemjua. Niliona mwanga. Pale palipopaswa kuwa na minyororo miwili iliyopishana, niliona lami na miguu ya watu upande wa pili. Minyororo ilikuwa bado imekunjwa juu, pini inaning'inia kwenye uzi wake. Na kishikio cha kikombe kilikuwa kimeinuka upana wa kidole. Mtikisiko wa gati ulikuwa umekifungua.

Barabara pale inapanda. Nyuma ya trela, feri ilikuwa bado inatema watu, mamia, wenye mizigo kichwani na watoto mkononi, wanakuja juu wakiijaza njia. Gari likiondoka na kikombe kikachomoka, hapakuwa na kitu cha kulishika trela. Lingerudi chini kwao.

Nitakwambia kweli, nilisita. Si kwa muda mrefu, lakini nilisita. Nilikuwa nimefanya kazi chini yake miaka kumi na moja, na sikuwa nimepata kumwambia Fundi Kazungu kwamba amekosea, hata kuhusu chumvi kwenye mboga. Na pale palikuwa na mkewe, wajukuu, na rafiki yake wa ujana aliyekuwa bado anapunga mkono. Ilinijia fikira ya kipuuzi kwamba nimpigie simu akifika kwenye tambarare nimwambie faraghani.

Nilichomoa kabari ya kuzuia gurudumu kwenye kishikizo chake ubavuni mwa trela, nikaisukuma nyuma ya gurudumu la trela kwa kisigino. Kisha nikaenda dirishani nikaweka mkono juu ya mlango.

"Fundi, zima gari."

Akazima. Akaniuliza kama nimesahau kitu.

"Shuka uguse shingo."

Alishuka. Alipofika nyuma hakuinama hata. Aliona akiwa amesimama, na akabaki pale, mikono imening'inia, akitazama ile minyororo kisha akitazama watu wanaopanda. Mama Sidi alitoa kichwa nje akauliza kulikoni. Mjukuu mkubwa, Kadzo, msichana wa miaka tisa mwenye ulimi usiolala, alikuwa ameshuka nyuma yake. Akachungulia chini, akamtazama babu yake.

"Babu, umefeli?"

"Nimefeli, mama," akasema. "Tena vibaya."

Mzee Athumani alikuwa amerudi kuona kuna nini. Alipoelewa, akasema basi ni salamu zake ndizo zilizosahaulisha mnyororo. Fundi akamwambia salamu hazina kosa, ila sasa akae kimya kidogo. Kisha akanigeukia mimi.

"Kagua wewe, Bi Zainabu. Yote, tangu mwanzo. Mimi sitashika kitu."

Akaweka mikono nyuma ya mgongo kama mtoto wa shule, akasimama kando. Nilifunga kishikio, nikaweka pini, nikainua shingo kwa jeki mpaka gari likainuka, nikapishanisha minyororo. Nikapima upepo. Nikamwita Kadzo aketi kwenye usukani na babu yake akamwelekeza lipi la kugusa. Indiketa ya kushoto haikuwaka. Plagi ilikuwa imelegea kwenye gati hilo hilo. Nikaisukuma, Kadzo akaita "Kushoto" kwa mara ya pili kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye feri, nikajibu "Abee." Honi zilipigwa, mwanamume mmoja akauliza kama tunafungua gereji hapo. Fundi hakunihimiza. Nilipotoa kabari ndipo akanipa mkono, akapanda, wakaondoka. Jioni alinipigia simu, akasema wamefika sita, na trela la saba.

Sikumwambia mtu. Niliona ni siri yake, na kwamba mtu aliyefanya kazi safi miaka yote ile haifai akumbukwe kwa siku moja. Jumatatu iliyofuata, baada ya kurudisha trela, hakwenda nyumbani. Aliomba sote tukutane uwanjani, pamoja na mwenye karakana, akasimulia mwenyewe tangu feri mpaka viazi karai. Hakujipunguzia. Alisema ni yeye aliyebuni kukunja mnyororo, ni yeye aliyefunga pini kwa uzi, ni yeye aliyeinuka kuitikia salamu akiwa kichwani ameshamaliza kazi ambayo mikono haikuianza. Alisema pia kwamba alilikagua trela lile kwa macho ya mtu aliyelifunga, na macho hayo huona kile yanachotarajia. Kisha akatoa koleo mfukoni, akakata ule uzi mbele yetu.

Aliomba desturi ibadilike, asikague tena yule aliyefunga. Mwenye karakana alilalamika kwamba itahitaji watu wawili kwa kila trela, na wateja watangoja. Fundi Kazungu akamjibu kwa ile sauti yake ya chini, "Mimi nimefunga matrela kabla wewe hujaota ndevu, nami nimeangushwa na salamu. Waache wangoje."

Wakangoja, na wanangoja mpaka leo. Nimekutana na mafundi wengi hodari katika kazi hii, wenye mikono myepesi kuliko yake. Sijakutana na mwingine aliyerudi kazini baada ya kustaafu ili kuwaambia watu kosa ambalo hakuna aliyelijua. Mimi mwenyewe tangu siku ile nimekamatwa mara mbili na wenzangu, mara moja kwa nati na mara moja kwa gurudumu dogo la mbele nililoacha chini. Niliona haya zote mbili, nikashukuru zote mbili.

Kwa hiyo kesho asubuhi, ukishafunga trela la kwanza, rudi nyuma hatua tatu, weka mikono mgongoni, mwite mwenzako ambaye hakugusa kitu, na usiseme neno mpaka amalize kuzunguka.